Nyumbu Watapita Hapa kwa Bibi Tatu

(Hotuba ya Mheshimiwa Bonaventura Shukuru, Mwenyekiti wa Kamati ya Muda ya Kudumu ya Msafara Mkuu wa Nyumbu, Handeni na Korogwe, aliyoitoa Sindeni siku ya uzinduzi, kwenye jukwaa la mbao lililojengwa katikati ya shamba la Bibi Tatu Sharifu. Maneno ya wananchi yamewekwa kwenye mabano kwa sababu hayakuwemo kwenye ratiba.)

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kijiji, Mzee Kibwana, waheshimiwa wajumbe wa Kamati yangu mlioketi kwenye viti vyenye vitambaa, waheshimiwa wajumbe mliokosa vitambaa, Katibu wangu, Bi Loveness, mashehe wetu na wachungaji wetu, wazee maarufu, wazee wasio maarufu, wawakilishi wa wafugaji mkiongozwa na ndugu yetu Jacob, wageni waalikwa kutoka Kwaluguru, wageni wasioalikwa kutoka Kwamndolwa, mliovuka mto Pangani kwa nauli zenu kufuata pilau, akina mama, akina baba, vijana wa bodaboda mliokaa juu ya pikipiki zenu tayari kuondoka, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. (Makofi.) Na kwa kuwa itifaki imezingatiwa lakini haijaisha, naomba nimtambue pia dereva wangu, dereva wa Katibu wangu, na mimi mwenyewe. (Makofi kutoka kwenye viti vyenye vitambaa.)

Nyumbu hoyee! (Hoyee.) Hiyo hoyee imelegea kama ya watu wenye njaa. (Sauti: Ndiyo, hatujala!)

Ndugu wananchi, nimefarijika mno na umati huu. Wapotoshaji waliniambia kwamba watu wa Sindeni hawaji kwenye mikutano, kwamba mara ya mwisho alikuja mzee mmoja na mbuzi, na kwamba mbuzi ndiye aliyekaa mpaka mwisho. Mimi kama kiongozi mwenye maono nikamwelekeza Mzee Kibwana apige pembe ya msaragambo. Alisita. Akaniambia, Mheshimiwa, pembe ile haipigwi kwa maneno, inapigwa kwa kazi ya wote. Ikishalia watu hutoka, na wakishatoka hawarudi nyumbani mpaka kazi ionekane kwa macho. Nikamjibu, mzee wangu, hotuba yangu ni kazi, na mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, na jambo lenyewe ni mimi. Leo matokeo mnayaona. Kila mtu amekuja, na kila mtu amekuja na jembe. Naomba tu majembe yawekwe chini, maana yanamulika kwenye kamera.

(Hakuna anayeweka jembe chini. Bibi Tatu, mwenye shamba, anasimama katika safu ya mbele: Mheshimiwa, mimi nina neno moja tu.)

Shikamoo, bibi.

(Marahaba. Nipande, nisipande?)

Swali zuri sana. Swali la kimkakati. Litajibiwa kwenye kipengele cha maswali na majibu, ambacho kwa bahati mbaya kimeondolewa kwenye ratiba ili kutoa nafasi kwa hotuba. Keti, bibi yangu. (Bibi Tatu haketi.)

Kwa faida ya waliochelewa kuzaliwa, Kamati yangu ilibuni konsepti ya kuleta hapa kwetu msafara mkuu wa nyumbu, ule ule ambao Wazungu hupanda ndege kutoka kwao kwenda kuushuhudia Serengeti. Tulijiuliza sisi kama wadau wa asili, kwa nini nyumbu wazunguke kule kule kila mwaka kama watu wasio na ndugu kwingine? Kwa nini wasitoke huko, wakateremka mpaka Kwaluguru wakapumzika, wakapita hapa Sindeni wakapigwa picha, wakaingia mto Pangani mbele ya watalii, mamba wakafanya kazi yao, na waliosalimika wakaibukia Kwamndolwa, ambako tumeshatenga eneo la vibanda vya chipsi? (Kicheko.) Mnacheka. Hata aliyeleta mkonge Korogwe alichekwa, na angalieni leo mkonge ulipo.

Katika faizi ya kwanza, Kamati ilifanya ziara ya mafunzo huko huko Serengeti, na hapa nataka niweke kumbukumbu sawa, kwa sababu kuna maneno yanatembea pale stendi ya Korogwe kwamba tulikwenda kutalii. Hatukutalii. Mtalii hulipa ili aende, sisi tulilipwa ili twende. Tofauti hiyo hata mtoto wa chekechea anaiona. Tulikaa ukingoni mwa mto ndani ya magari yaliyofunguliwa paa, tukiwatazama nyumbu, na nyumbu wakitutazama sisi. Ndugu zangu, niseme ukweli, na leo nitausema mara chache: sijawahi kuona kitu kama kile. Nchi ilikuwa nyeusi mpaka macho yanachoka, na mlio wao ulikuwa wa kuguna tu, kama msikiti mzima umeambiwa kwamba futari imechelewa. Nilisahau hata cheo changu.

Sasa sikilizeni sayansi. Wa mbele alifika kwenye maji, akanusa, akageuka, na wote wakageuka. Akarudi, akanusa, akageuka. Ikawa hivyo asubuhi nzima. Nikamwambia Bi Loveness, andika, hawa nao wana kamati. (Kicheko kikubwa.) Ilipofika saa ya chakula, kwa kuwa chakula kilikuwemo kwenye ratiba na nyumbu hawakuwemo, tukaenda kula. Tuliporudi tulikuta mto umekuwa tope, ukingo umebomoka, na hakuna hata mkia. Wameshavuka wote. Katika msafara wetu wote aliyeshuhudia ni dereva wangu, Filemoni, aliyebaki kwenye gari akila muhogo wake wa kuchoma. Filemoni, simama. (Filemoni anasimama. Makofi makubwa kuliko yote tangu asubuhi.) Keti, Filemoni. Yanatosha.

Hata hivyo Kamati haikurudi mikono mitupu. Upande wetu alibaki nyumbu mmoja, mzee, anachechemea. Nilipanda juu ya kiti cha gari, nikafunga kifungo cha koti, nikamwalika rasmi kwa niaba ya wananchi wa Handeni na Korogwe, na nikamwomba awafikishie wenzake. Alinitazama kwa muda mrefu, akatikisa kichwa, akaenda zake. Wataalamu wetu wamelitafsiri tendo hilo kama makubaliano ya awali. (Sauti: Alikataa huyo!) Alikubali kwa mila za kwao. (Sauti ya mama mmoja: Hata mume wangu hunikubalia hivyo hivyo!) Naomba tusiingize mambo ya ndoa kwenye maendeleo.

(Bibi Tatu, bado amesimama: Haya, yeye kakubali. Mimi je?)

Bibi, nilisema...

(Ngoja, baba. Ulisema sana ulipokuja kwangu, na mimi nilikaa nikakusikiliza, nikakupa na kiti. Vuli iliyopita mlikuja hapa na gari, mkanikataza nisipande, mkasema hapa ni njia ya nyumbu, wakikuta mahindi watakwazika. Nikaacha. Wenzangu walivuna, mimi nikavuna magugu. Wajukuu zangu wamekula makopa ya muhogo ya kupewa, mpaka mdogo akaniuliza, bibi, hao nyumbu ndio wanaokula ugali wetu? Sasa masika hayo yanakuja, wingu hilo hapo unaliona. Mbegu ninayo, nimeifunga kwenye pindo la khanga. Nikikosa na msimu huu, sina tena. Nipande, nisipande?)

(Kwa mbali, ngurumo.)

Bibi Tatu, umenigusa. Umemgusa hata Filemoni, namwona anafuta macho. Na Kamati yangu ni sikivu, kwa hiyo nakujibu kwa takwimu. Kwa mujibu wa fizibiliti stadi yetu, kipato cha kaya yako kupitia utalii wa nyumbu kitapanda kwa asilimia mia moja na arobaini ukilinganisha na vuli, msimu ambao kwa kauli yako mwenyewe hukuvuna kitu. Na kupanda kutoka kwenye sifuri, wachumi watanielewa, ndiyo kazi ngumu kuliko zote, ndiyo maana inachukua muda. Watalii watakaa hapa hapa uwanjani kwako. Watataka kivuli, utawauzia kivuli. Watataka kupiga picha na bibi mwenye jembe, jembe unalo. Ukipanda mahindi sasa hivi, tutawaweka wapi? (Bibi Tatu: Walale walikolala jana.) Nashukuru kwa maoni hayo, yamepokelewa.

Najua kati yenu wapo wenye imani haba. Wanasema Bonaventura hajaleta hata unyoya. Kwanza nyumbu hana unyoya, kwa hiyo lawama hiyo haina mashiko. Pili, Kamati ilirusha droni angani, na leo kwa mara ya kwanza nawaletea ushahidi. Bi Loveness, funua. (Picha kubwa inafunuliwa: vumbi jekundu, migongo, pembe.) Hawa hapa! Makofi basi. (Makofi ya viti vyenye vitambaa.) Makundi kwa makundi, kati ya Kwaluguru na Sindeni, mchana kweupe. Kumbe walishaanza kuja wenyewe, kwa mwaliko wangu! Na tumewachunguza. Wanapita kila Jumatano, asubuhi wakielekea kule, jioni wakirudi, kwa nidhamu ambayo hata watumishi wangu hawana. Zaidi ya hapo, wanaorudi jioni siku zote ni wachache kuliko walioondoka asubuhi, jambo linalothibitisha kitaalamu kwamba huko waendako kuna simba wa kutosha.

(Kicheko kinaanzia nyuma na kuja mbele. Sauti: Jumatano si mnada?)

Utulivu tafadhali, tuko kwenye sayansi. Mtazameni huyu anayeongoza, mweupe mwenye mabaka. Ana kifaa shingoni. Tunaamini amefungwa na watafiti wa kimataifa wanaomfuatilia kwa satelaiti.

(Jacob, mfugaji, anasimama taratibu, ameegemea fimbo yake: Mheshimiwa, hiyo ni kengele. Nimemfunga mimi. Huyo dume ni wangu, hawa wote ni ng'ombe wetu, tunawapeleka mnadani. Na hao wasiorudi jioni hawajaliwa na simba. Nimewauza.)

(Watu wanacheka mpaka wengine wanashikilia majembe wasianguke. Mjumbe mmoja wa Kamati anacheka kwenye kitambaa cha kiti.)

Ndugu Jacob, nakupongeza kwa mchango wenye tija. Naomba wananchi mumsikilize vizuri, kwa sababu mfugaji huyu amethibitisha mbele yenu kwamba njia ipo, wanyama wapo, vumbi lipo, na hata kengele ipo. Kinachokosekana ni nyumbu tu, na nyumbu ni komponenti moja katika mradi wenye komponenti nyingi. Hatuwezi kukwamisha mchakato mzima kwa ajili ya mnyama mmoja.

Nikiondoka hapa leo, naahidi, na ninapoahidi huwa naahidi kweli: patajengwa mnara wa kuangalizia nyumbu, wenye ngazi za kupandia na ngazi za kushukia zikiwa tofauti, ili kuepusha msongamano, patajengwa jumba la makumbusho ya nyumbu waliopita, na ukumbi mdogo wa nyumbu watakaopita, vijana watapata mafunzo ya kuwaonyesha wageni kwa kidole, na pale mtoni tutaweka kibao cha lugha tano kuwakumbusha mamba kwamba... (Upepo. Turubai la jukwaa kuu linapiga kofi na kufunguka upande mmoja. Matone makubwa.) Msiogope. Ni manyunyu ya uzinduzi.

(Mzee Kibwana anasimama na kuvua kofia: Mheshimiwa, kwa heshima zote, mimi nina shida. Pembe niliipiga mimi kwa kinywa changu. Ikishalia, watu hawarudi nyumbani na majembe safi. Tangu enzi za baba zetu haijawahi kutokea, na haitatokea mimi nikiwa mwenyekiti. Kazi iko wapi?)

Mzee wangu, nilikwambia, kazi ni hotuba.

(Hotuba hailimiki, Mheshimiwa.)

Basi nifupishe, niende moja kwa moja kwenye shukrani, kurasa chache tu. Na naona mnasimama. Mnasimama wote! Jamani, mnanipa heshima kubwa, sikutarajia kusimamiwa kabla hata sijamaliza. (Watu wanasogea kwenye mpaka wa shamba.) Naona mnajipanga mstari, bila shaka kwa ajili ya picha ya pamoja. Vizuri, warefu nyuma. Mbona mmenipa mgongo? Mbona mnainama? Bi Loveness, hebu uwaelekeze. Bi Loveness! Mbona unavua viatu?

(Loveness, akiwa tayari peku kwenye udongo: Pembe imelia, bosi. Na mimi niliisikia.)

(Majembe yanashuka kwa pamoja. Bibi Tatu anafungua pindo la khanga na kuwagawia akina mama mbegu, kiganja kwa kiganja.)

Hata hivyo shukrani lazima zitolewe. Kwanza namshukuru huyu huyu Bi Loveness, ambaye ndiye aliyechora ramani ya njia ya nyumbu tukiwa tunasubiri chai pale Korogwe. Mstari wa kwanza ulikuwa umenyooka vizuri kabisa, ukipita porini pasipo na shamba la mtu, isipokuwa meza ilikuwa na mguu mmoja mfupi, ikatikisika, kalamu ikapinda kidogo, na ndivyo shamba la Bibi Tatu lilivyopata bahati ya kuingia kwenye mradi.

(Bibi Tatu ananyanyuka. Mstari mzima unasimama naye. Bibi anauliza: Meza?)

Meza, bibi.

(Vuli yangu yote ni mguu wa meza?)

Tulikusudia kurekebisha, lakini chai ilikuwa imeshafika. (Bibi Tatu anamtazama kwa muda mrefu, anatikisa kichwa, anainama tena kwenye shimo lake. Filemoni, ambaye ameshuka kwenye gari akiwa na jembe la kuazima, anamwambia wa jirani: Ni yule yule nyumbu, walahi.)

Nawashukuru wafadhili, ambao bado hatujawapata. Namshukuru mkandarasi, ambaye hatujamtafuta. Nawashukuru wakuu wa Serengeti, ambao hatujawaandikia, kwa sababu tulihofia watajibu. Nawashukuru nyumbu wenyewe, popote walipo, kwa kuendelea na shughuli zao. Na kwa namna ya pekee nawashukuru ninyi wananchi kwa uvumilivu mkubwa mliouonyesha kuutunza mradi huu muda wote, mradi ambao, niseme sasa kwa sababu maiki imekufa na mvua inapiga, haujawahi kuwepo. Hakukuwa na mradi. Ilikuwepo kamati.

(Hakuna anayegeuka. Mstari wa majembe umefika katikati ya shamba, unakuja kuelekea jukwaani. Nyuma yake akina mama wanadondosha mbegu na kufukia kwa nyayo. Mtu ameanzisha wimbo wa kazi na wengine wanapokea.)

Nyumbu hoyee! (Wimbo wa kazi.) Kamati hoyee! (Mvua.) Jamani, mtu mmoja tu, kwa ajili ya kumbukumbu. Filemoni? (Filemoni anachimba.) Basi, Bibi Tatu hoyee!

(Hoyee! Mpaka ng'ombe wa Jacob wanaokula majani kando ya shamba wanainua vichwa.)

Ahsanteni. Hiyo imetoka moyoni, hata mimi nimeisikia. Bibi, nami kwa mamlaka niliyopewa na Kamati, kuanzia sasa nakuruhusu rasmi upande.

(Bibi Tatu amefika kwenye ngazi ya jukwaa, amelowa, jembe begani: Nimeshapanda, baba. Pamebaki hapo uliposimama. Shuka.)

Nashuka, bibi. Nilitaka tu nihitimishe kwa kuwashukuru tena kwa kunisikiliza kwa...

(Shuka.)

(Anashuka. Vijana wa bodaboda wanaondoa mbao za jukwaa. Mzee Kibwana anampa jembe na kumwonyesha mstari wake.)